Sensa ya Oksijeni: Kabla Hujanunua Mpya, Shika Kwanza Soketi

Maswali ya wenye magari ya zamani yamejaa mezani, na mwezi huu karibu yote yanazunguka kitu kimoja, sensa ya oksijeni. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu sababu naona linawahusu wengi, hayo mengine yanapita haraka.

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Tabata, nina Mark II GX81 ya mwaka 1990, aliiacha marehemu baba na siuzi hata iweje. Tangu masika inakunywa mafuta balaa, zamani lita moja inanipeleka kilomita 9 mpaka 10 sasa hivi hata 6 haifiki, ikikaa sailensa, yaani imesimama injini inawaka bila kukanyaga mafuta, inatetemeka na ekzosi inanuka petroli. Fundi akasema sensa ya oksijeni imekufa, nikanunua mpya akafunga, siku tatu ikawa nzuri kabisa, ya nne ikarudi vilevile na taa ya chekienjini inawaka inazima. Sasa anasema niliuziwa feki, ninunue nyingine. Halafu soketi yake ile sehemu ya kubania imevunjika, ameizungushia tepu. Nifanyeje, hela zinaisha. *Msomaji, Tabata*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mzee.

Usinunue sensa nyingine kwanza. Ugonjwa umeuandika mwenyewe kule mwishoni kama vile ni kitu kidogo, hiyo soketi iliyozungushiwa tepu. Sisemi sensa yako ni nzima, sijaiona, ila nasema mpaka sasa hamna mtu aliyeipima, mmebadilisha tu, na kubadilisha bila kupima ndo kunakomaliza hela za watu hapa mjini.

Ngoja nikueleze hii kitu inafanyaje kazi maana ukishaielewa hata fundi akikudanganya utajua. Sensa ni kama pua iliyochomekwa kwenye ekzosi. Upande mmoja inanusa moshi wa injini, upande mwingine inanusa hewa ya kawaida ya nje, katikati kuna kauri ya zirkonia, na ikishapata moto wa kama nyuzi 300 na kitu ile tofauti ya oksijeni kati ya pande mbili inazalisha kaumeme. Moshi wa mafuta mengi unatoa volti 0.8 au 0.9, wa hewa nyingi unashuka mpaka 0.1 au 0.2. Kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inasoma hapo, mafuta yakizidi inapunguza, yakipungua inaongeza, inatafuta ule mchanganyiko wa hewa kilo 14.7 kwa petroli kilo 1, kwa hiyo sensa nzima haitulii sehemu moja, inapanda na kushuka muda wote kuvuka 0.45. Bosch walianza kuifunga kwenye Volvo zilizokuwa zinapelekwa Marekani mwaka 1976, na mpaka hiyo Mark II ya mzee inatengenezwa kanuni ilikuwa ileile.

Sasa angalia, volti 0.9 haifikii hata betri moja ya rimoti. Umeme mdogo namna hiyo unapita kwenye pini iliyoota kutu ya kijani, ndani ya soketi iliyoingia maji ya dimbwi, hewa yenyewe ina chumvi ya bahari, unategemea nini? Unavujia njiani, kontrol boksi inaona volti ziko chini, inadhani injini imejaa hewa, inaongeza mafuta. Inaendelea kuona chini, inaongeza tena. Ndo hiyo harufu ya petroli unayoisikia. Na zile siku tatu nzuri nadhani ni kwa sababu fundi alipochomoa na kuchomeka pini zilisuguana zikapata mguso mpya, barabara ikaitikisa siku nne, na kwa kuwa kibanio hamna ikarudi nyuma.

Anza na kusoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kontrol boksi imezihifadhi, na kwa gari yako huhitaji mashine ya kupimia. Kwenye injini kuna kiboksi cheusi mfuniko wake umeandikwa DIAGNOSIS, ukiufungua kwa ndani kuna ramani ya matundu. Swichi ikiwa imezimwa, chukua kipande cha waya unganisha tundu la TE1 na E1, halafu washa swichi bila kupiga stata na uhesabu taa ya chekienjini. Ikiwaka mara mbili, ikapumzika kidogo, ikawaka mara moja, hiyo ni 21, ni kodi ya njia ya sensa ya oksijeni. Nimesema njia, maana yake sensa na waya na soketi, vyote vimo humo. Soma ile ramani mara mbili kabla ya kuchomeka, ukikosea ukaunganisha +B na E1 unaunguza fyuzi kama una bahati.

Halafu pima yenyewe. Tembeza gari mpaka ipate moto vizuri, tafuta maltimita ya namba, sio ile ya mshale kwa sababu ya mshale inanyonya umeme wa sensa, ingiza sindano yake nyuma ya soketi kwenye waya wa signo (ule unaopeleka volti za sensa kwenye kontrol boksi) na nyingine kwenye ethi ya injini, mtu akukanyagie mafuta ishike mizunguko 2500 kwa dakika. Namba zikicheza chini juu chini juu kati ya 0.1 na 0.9, sensa inafanya kazi. Zikiganda, usikimbilie kusema imekufa. Shika soketi uitikise taratibu, uvute waya huku na huku, na macho yako kwenye mita. Zikifufuka ukiwa umeshika, umempata mwizi. Na usije ukapima waya wa signo kwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), unaweza kuiharibu sensa yenyewe, omu ni za kihita tu, kile kipasha moto cha ndani ya sensa, kwa zile zenye nyaya tatu au nne, pale unapima kati ya nyaya mbili za rangi moja na unatakiwa uone omu chache, tuseme 5 mpaka 15, ikikataa kusoma kabisa kihita kimekatika.

Kitu kingine kabla hatujashika soketi, sikiliza ekzosi asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ukisikia tik tik tik kwenye manifodi, pale ekzosi inapoungana na injini, gasketi inavuja, na pale inapovuja hewa ya nje inaingia, sensa inanusa oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini, na gari inaongezewa mafuta bure. Watu wamebadilisha sensa mbili tatu kumbe ni gasketi.

Haya, soketi. Niliwahi kuletewa gari imefungwa sensa mpya ya boksi na bado inanuka mafuta, nikaifungua soketi chini ya mwanga wa simu, kwa mbele inaonekana safi tu, pini zimekaa kwenye mstari. Nikaichungulia kwa nyuma, pini moja ilikuwa imerudi ndani kama milimita tatu, ukichomeka ile nyenzake inaisukuma badala ya kuingia ndani yake. Nikakata ganda la waya kidogo, shaba ndani imekuwa ya kijani mpaka kama sentimita tano kutoka kwenye pini. Kutu inapanda ndani ya waya, hiyo ndo mnatakiwa kuijua, ukisafisha pini tu bila kukata waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa hujafanya kitu.

Nenda Gerezani au kule Shauri Moyo Ilala kwenye spea za mtumba, usiulize sensa, ulizia soketi ya sensa pande zote mbili pamoja na mkia wa waya, angalau sentimita 15 kila upande. Beba ile yako mbovu mkononi ulinganishe, hesabu matundu, jaribu kubania na kubanua pale pale dukani, plastiki ya zamani iliyokaa karibu na ekzosi inakuwa kama biskuti, ikitoa mlio wa kupasuka usiichukue. Wakati wa kuunga kata nyaya kwa urefu tofauti tofauti ili viungo visikae sehemu moja vikagusana, na uunge kwa vibanio vya shaba unavyobana kwa koleo lake, juu yake mpira ule unaosinyaa kwa moto. Upande wa sensa usichomee kwa risasi kabisa. Najua mafundi wengi wanachomea na wanaona ndo kazi ya uhakika, lakini sensa nyingi za aina hii zinavuta ile hewa safi ya nje kupitia humo humo ndani ya waya katikati ya nyuzi za shaba, ukimwaga risasi na dawa yake umeiziba pua. Kwa sababu hiyo hiyo usijaze grisi kwenye soketi wala usipulizie dawa ya kusafishia umeme upande wa sensa. Kausha, funga ibane kwa kibanio chake, halafu ifunge kwenye bodi mbali na ekzosi na mbali na waya za plagi. Kama waya wa signo umevishwa wavu wa shaba, wavu huo urudishe ulivyokuwa, upo hapo kuzuia kelele za umeme wa plagi zisiingie.

Ukimaliza yote hayo na namba bado zimeganda, basi sensa imechoka kweli na hamna ubaya, ni kitu cha kuisha. Zile za waya mmoja zisizo na kihita zinakwenda kama kilomita 50,000 mpaka 80,000, za kihita za zama hizo kama 100,000. Na hizi za waya mmoja foleni zetu zinazitesa, ukikaa Buguruni nusu saa ekzosi inapoa, sensa inalala, kontrol boksi inaendesha kwa kukisia.

Kuitoa, mwagia mafuta ya kulegezea nati jioni, uje asubuhi, washa injini dakika chache ekzosi iwe ya uvuguvugu, isiwe ya kuunguza. Angalia ya kwako imefungwaje, maana Toyota nyingi za wakati ule sensa imekaa kwenye kiguu chenye nati mbili za spana 12, sio ya kuzungusha yenyewe. Nati hizo ukilazimisha, stadi (bolti zinazoshika nati) zinakatika na hapo umejitafutia kazi ya kutoboa, kwa hiyo ikigoma irudishe nyuma kidogo, mwagia tena, jaribu tena, uwe na subira. Kama ni ile ya uzi wa milimita 18, unahitaji spana 22, tena ile soketi spana yenye mpasuko wa kupitisha waya.

Ikishatoka iangalie ncha yake kabla hujaitupa, inakusimulia injini ilivyo. Nyeusi kavu kama masizi, mafuta yalikuwa mengi. Nyeusi ya utelezi, injini inakula oili. Nyeupe yenye unga, kuna mtu alijaza silikoni kwenye gasketi, au maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda, na hilo usipolitibu hata sensa mpya haitamaliza mwaka. Zamani kulikuwa na ugonjwa mwingine, risasi kwenye petroli, ilikuwa inaua sensa haraka sana, ila petroli ya risasi nchi zetu hizi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kuanzia Januari 2006.

Sensa mpya usiidondoshe, ndani ni kauri, ikidondoka sakafuni hata kama nje haina alama usiifunge. Ile grisi ya uzi iguse uzi tu isiguse ncha, na nyingi zinakuja zimeshapakwa. Weka gasketi mpya ya chuma, silikoni hapana. Ya uzi inakazwa Nm 40 mpaka 60 (kipimo cha nguvu ya kukaza), ya nati mbili ni kama Nm 20 tu. Zungusha waya ukiwa umechomolewa kwenye soketi, usiuache ujisokote.

Mwisho kabisa zima swichi, chomoa fyuzi ya EFI kama nusu dakika kufuta kodi, rudisha. Toa na plagi uzisafishe maana zitakuwa zimejaa masizi, na unuse deepstiki ya oili, ikinuka petroli mwaga oili uweke mpya, sababu petroli iliyozidi inateremka kwenye silinda na kuifanya oili iwe nyepesi kama maji. Hiyo injini ya mzee ina kazi bado.

SWALI: Habari fundi, naitwa mama wa watoto wawili nipo Mbezi Beach, nina Carina ya 1992 naipenda kuliko hizi za kisasa. Nilinunua sensa ya Bosch isiyo na soketi, ya kuunga mwenyewe, nyaya nne. Kijana akaunga nyeusi kwa nyeusi, nyeupe kwa nyeupe, zilizobaki akazimalizia. Sasa taa imewaka na gari ni mbaya kuliko mwanzo. Tatizo ni sensa? *Msomaji, Mbezi Beach*

Nzuri dada yangu. Tatizo ni rangi, na huyo kijana simlaumu sana maana huu mtego umewakamata mafundi wakubwa.

Kila mtengenezaji ana rangi zake. Bosch ya nyaya nne, nyeupe mbili ni kihita, nyeusi ni signo, kijivu ni ethi ya signo. Denso ambayo ndo Toyota wanaitumia, nyeusi mbili ndo kihita, bluu ni signo, nyeupe ni ethi yake. Umeona hapo? Nyeusi ya Denso inapita umeme wa volti 12, nyeusi ya Bosch ndo ile inayotoa volti chini ya 1. Ukiunga nyeusi kwa nyeusi umepeleka volti 12 kwenye pua ya sensa.

Mwambie achomoe leo hii, gari itatembea bila hiyo sensa kwa muda, itakula mafuta tu. Halafu aunge hivi: nyeupe mbili za Bosch ziende kwenye nyeusi mbili za mkia wa zamani, kihita hakina chanya wala hasi kwa hiyo ipi iende wapi haijalishi, nyeusi ya Bosch iende kwenye bluu, kijivu iende kwenye nyeupe. Na afuate rangi za mkia uliokuja na sensa ya zamani, asifuate rangi za upande wa gari, kule ng'ambo ya soketi rangi zinabadilika. Kama mkia wa zamani ulishatupwa basi apime kwa mita swichi ikiwa imewashwa, atafute yenye volti 12 kwanza, ndo aanzie hapo. Hiyo sensa iliyokwishaonja volti 12 mimi nisingeiamini, apime kama inacheza kabla ya kuifunga jumla, na akague fyuzi ya EFI. Kontrol boksi asiiguse wala asikuuzie nyingine mpaka sensa iwe imeungwa sawasawa na kodi imesomwa upya.

Ushauri wangu siku nyingine nunua yenye soketi yake tayari hata kama imezidi bei, kazi ya kuunga nyaya nne chini ya gari, jua linawaka, ni rahisi mtu kukosea.

SWALI: Mambo kaka, mimi ni fundi kijana nipo Temeke. Wateja wenye magari ya zamani wanataka niwatolee masega (kile kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi), na wengine wanasema toa na sensa kabisa uzibe na bolti gari iwe nyepesi. Ni sawa? *Msomaji, Temeke*

Poa mdogo wangu. Sio sawa, na nafurahi umeuliza kabla ya kushika spana.

Kwenye hayo magari sensa inayoongoza mafuta imekaa kabla ya masega, kwa hiyo hata aliyeshatoa masega miaka kumi iliyopita sensa bado anaihitaji vilevile. Ukiitoa na kuziba na bolti gari haiwi nyepesi, inakuwa kipofu, kontrol boksi inarudi kwenye hesabu yake ya kukisia, mteja atakuja baada ya mwezi analalamika mafuta na wewe ndo utakuwa umemfanyia. Masega nayo kama yameziba kweli, gari haipandi mlima na ekzosi inakuwa nyekundu, ujue kuna kilichoyaziba, mara nyingi ni mafuta mengi yale yale yanayotokana na sensa mbovu. Tibu huko kwanza. Halafu kaka, tembea asubuhi pale kituoni watoto wa shule wamesimama nyuma ya gari inayotoa moshi mweusi, unaingia moja kwa moja kwenye vifua vyao. Mimi hilo linaniuma na sioni aibu kulisema. Mteja aking'ang'ania, mpimie mbele yake kwa mita, mwonyeshe namba zinavyocheza, wengi wakishaona wanakubali.

SWALI: Fundi nina Peugeot 504 ya kabureta ya mwaka 1978, sensa yake ya oksijeni nitaipata wapi, Kariakoo nimezunguka hamna. *Msomaji, Magomeni*

Mzee wangu, shikamoo, na hongera kwa kuitunza. Usizunguke tena, gari yako haina sensa hiyo na haikuzaliwa nayo. Ikiwa inakula mafuta angalia kwanza choki kama inafunguka yote injini ikipata moto, halafu boya la kabureta, halafu kisafisha hewa. Peleka kabureta kwa fundi anayeijua, aifungue mbele yako juu ya karatasi nyeupe ili vile vidude vidogo vya ndani visipotee.